Hodi ya Kila Asubuhi kwa Mama Mkwe

Mama mkwe wangu mpendwa,

Shikamoo. Naitoa nikiwa nimesimama na kichwa nimekiinamisha, ingawa wewe uko Songea na mimi niko Morogoro, na hakuna anayeniona isipokuwa mwanao Anastazia, ambaye ananicheka. Nimemwambia acheke tu. Barua ya kwenda ukweni haiandikwi na mtu aliyekaa kitako na miguu juu ya meza.

Utashangaa kwa nini nimekuandikia barua ya wazi, ya kusomwa na kila mtu. Ni kwa heshima hiyo hiyo. Mwanamume hana mambo ya kunong'onezana na mama mkwe wake, na kwa miaka kumi na moja ya ndoa yangu sijawahi kukaa na wewe peke yetu hata kwa muda wa kuchemsha chai. Ninachotaka kukuomba ni kikubwa, kwa hiyo nimeona nikiombe mbele ya watu, wawe mashahidi kwamba sikukukosea adabu.

Ombi lenyewe ni hili: njoo ukae na sisi, hapa mjini, katika nyumba yangu. Najua umeshamjibu Anastazia kwenye simu. "Nitakaaje kwa mkwe, mwanangu? Nitakula wapi? Nitapiga chafya wapi?" Nililisikia jibu hilo kwa masikio yangu, maana simu ilikuwa kwenye spika, na nakuomba radhi kwa hilo pia. Ila kabla hujalirudia, nipe nafasi nikukumbushe mambo machache.

Unakumbuka, ulipokuwa bado unakaa kwako mlimani, siku tulipoleta lile sanduku? Wataalamu wa chuo ninakofanya kazi ya ufundi wa mtandao wa kompyuta walitaka kupima mvua ya Uluguru. Kipimo chao kilihitaji uwanja ulio juu, unaouona mji bila mti wala jabali katikati. Nikadakia bila kufikiri: "Uwanja wa mama mkwe wangu." Na kweli, kutoka kwako kule juu ya Bigwa mtu anaona mabati yote ya mji, na siku isiyo na ukungu anaona hadi mashamba ya Kingolwira. Tukasimika mlingoti kando ya magimbi yako, juu yake tukafunga dishi dogo kama sinia, likatazamana na dishi jingine lililokuwa kwenye paa la chuo. Ukutani kibarazani tukatundika sanduku la kijivu lenye taa ya kijani, chini yake kasha la betri, na sebuleni nikakuachia kompyuta mpakato ya zamani.

Nilikupa mafunzo nikiwa nimesimama nje ya mlango, wewe ukiwa ndani nyuma ya pazia. Nikakwambia kuna amri moja tu ya kujua, inaitwa ping. Unaandika neno hilo kwenye kompyuta, unaacha nafasi, unaandika namba ya mashine unayoitafuta, kisha unabonyeza. Kompyuta inatuma ujumbe mdogo kabisa. Mashine ile ikiwa imewaka na njia ikiwa nzima, inaurudisha ujumbe, na wewe unaona umechukua muda gani kwenda na kurudi.

Pazia likauliza, "Kwa hiyo inabisha hodi?"

"Ndiyo, Mama."

"Na ile nyingine inaitikia karibu?"

"Ndiyo, Mama."

"Kisha?"

"Kisha basi, Mama. Haiingii ndani."

"Hiyo ina adabu," ukasema.

Nilishuka mlima siku ile nikipiga miluzi. Yale ndiyo yalikuwa mazungumzo marefu kuliko yote niliyowahi kuwa nayo na wewe.

Nilikuwa nimekubandikia ukutani karatasi ya maelekezo. Niliporudi baada ya wiki mbili nilikuta umeipitia kwa kalamu nyekundu. Ulinipa saba juu ya kumi, na chini ukaandika: "Mwandiko uboreshwe." Nikajua kwamba mtu aliyefundisha darasa la kwanza maisha yake yote hastaafu kwa kupewa barua. Karatasi ile nilimwonyesha kila mtu ofisini. Wengine hawajawahi kupewa saba na mama mkwe wao.

Kisha ikaja masika, na upepo mmoja wa mchana ukaligeuza dishi likatazama kwingine. Njia ya kupanda kwako ilikuwa utelezi mtupu, pikipiki hazipiti. Ikabidi mimi nibaki ofisini, wewe uende uwanjani na simu sikioni, tulirudishe dishi mahali pake. Ni kazi nyepesi. Fundi wa chini anamwambia mwenzake wa juu: kushoto, kulia, umepitiliza, rudisha, hapo hapo. Dakika tano wamemaliza. Lakini mimi nitamwambiaje mama mkwe "rudisha"? Nitapata wapi mdomo wa kumwambia "umepitiliza"?

Nilisema, "Mama, samahani sana, kama haitakusumbua, na kama wewe mwenyewe ukiona inafaa, labda dishi lingetazama kidogo upande wa kanisa." Na wewe, kwa kuwa mkwe amesema, hukutaka kuuliza kidogo ni kiasi gani. Ukaligeuza mpaka likalitazama kanisa lenyewe. Nikaona haya kukwambia. Nikasema, "Asante sana Mama, hapo ni pazuri mno. Sasa labda kidogo tena upande wa mji." Ukaligeuza tena mpaka mwisho wa shingo yake. Tukaendelea hivyo nusu saa nzima, mimi nikisifu kila kosa, wewe ukinishukuru kwa kukusifu. Wenzangu walikuwa wameinamia meza, mabega yanawatetemeka kwa kicheko.

Uliponiambia simu yako inakaribia kuzima, akili ikanirudia. Nikakuomba uilete kompyuta kibarazani, uandike ping, uache nafasi, uweke kistari na herufi a, uache nafasi tena, halafu namba ya mashine yangu iliyoko kwenye karatasi. Ile a inaifanya kompyuta ipige mlio kila jibu linaporudi. Ukigeuza dishi polepole, ukiusikia mlio, umefika.

"Itanielekeza yenyewe?" ukauliza.

"Yenyewe, Mama. Mimi sitasema kitu."

"Afadhali, baba," ukasema, na nilikusikia ukishusha pumzi. Simu ikakatika.

Mimi nami nilikuwa naibishia hodi mashine yako, mstari baada ya mstari, na kila mstari ukiniambia hakuna jibu. Ikapita robo saa. Ghafla likaja jibu moja, likapotea. Yakaja mawili. Halafu yakaanza kushuka mfululizo bila kukosa, milisekunde nne, milisekunde nne, milisekunde nne. Nilipiga kelele ofisi nzima ikasimama. Anastazia alikuja kuniambia baadaye kwamba wewe huko juu ulipiga vigelegele peke yako uwanjani, hata jirani yako akaja mbio akidhani kumeletwa mahari.

Basi ndipo mazoea yetu yalipoanzia. Betri ilikuwa imechoka, kwa hiyo tulikubaliana uwe unazima sanduku jua likizama na kuliwasha asubuhi. Mimi nikifika kazini, kabla sijagusa chai, naandika ping na namba ya sanduku lako. Natuma nne tu. Yakirudi majibu manne, nakijua kisa chote: Mama ameamka, amesali, amefungua mlango wa mbele, amesimama kibarazani, ameinua mkono akabonyeza swichi. Mkono unainuka, miguu inasimama. Nakunywa chai yangu.

Ungeniuliza kwa nini sikupiga simu. Mama, simu zetu tunazijua wote wawili. Shikamoo. Marahaba, hamjambo. Hatujambo. Wajukuu? Hawajambo. Haya. Haya Mama. Baada ya hapo tunabaki tunasikilizana tunavyopumua mpaka salio linatuonea huruma. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa darasa la tatu, kule Dumila, na tangu hapo sikuwahi kuwa na mtu wa kumwangalia kama ameamka salama. Nilipokupata wewe, nikakuta desturi inaniambia nikupende nikiwa umbali wa mita kumi. Zile hodi nne zilikuwa njia yangu ya kusogea bila kusogea.

Sasa tuje kwenye ile siku ya aibu, ambayo najua unaisimulia huko Songea, na nasikia unaiongezea chumvi.

Asubuhi ile nilibisha hodi nne, hazikurudi. Nikabisha nyingine kumi. Saa mbili, kimya. Saa tatu, kimya. Simu yako haipatikani. Anastazia alikuwa safarini, na mimi sikutaka kumtia presha mtu aliye barabarani. Nikachukua bodaboda mpaka njia ilipoishia, nikapanda kwa miguu, mtu wa tambarare mimi, koo linawaka. Wanawake wa kwenu waliokuwa wanashuka na matenga ya karoti kichwani walinipita wakinisalimia bila hata kuhema. Nilipofika uwanjani nikakuta mlango umerudishiwa. Kichwani nilishakuona uko sakafuni. Nikausukuma mlango, nikapita sebule, nikapita pazia, lile lile pazia, nikaingia mpaka chumba cha ndani bila hodi.

Ulikuwa umekaa kwenye kigoda, miguu ndani ya beseni la maji ya moto, nywele ziko wazi, kanga umejifunga kifuani, na mkononi una gimbi la kuchoma uliloling'ata nusu.

"Baba Neema!" ukasema, ukajitupia taulo kichwani. "Hata hodi?"

Nikageukia ukuta. Nilizungumza na ukuta. "Nilidhani unaumwa, Mama."

"Nani kakwambia naumwa?"

"Mashine, Mama."

"Mashine imesema mimi naumwa?"

"Haikusema chochote, Mama. Ndiyo maana nimekuja."

Kisha ukasema kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwako, ndogo, "Haya, toka nje nikupe maji. Utaanguka."

Kibarazani nikamkuta mkosaji. Kuku wako wa madoa alikuwa ameingia kwenye kasha la betri, akauchomoa waya ili apate nafasi, na akawa ametulia juu ya mayai yake huku akinitazama kama mimi ndiye mvamizi. Ukatoka ukiwa umevaa kama wa kwenda misani, kitambaa kichwani, ukanihukumu hapo hapo: kwa kuingia chumbani kwa mkwe bila hodi, faini jogoo mmoja. Nililipa. Nilimpandisha jogoo yule mlimani mwenyewe, na alinidonoa njia nzima.

Sasa Mama, naomba nikuungamie jambo, na mashahidi wasikie. Misimu miwili ya mvua ilipokwisha, wataalamu walimaliza kazi yao wakachukua kipimo chao. Nilikwambia sanduku libaki kwa sababu ofisi bado inalihitaji. Ofisi haikulihitaji. Mkuu wangu aliniambia nikalishushe, nikamjibu nitalishusha wiki ijayo, na wiki ijayo hiyo haikufika kwa miaka mitatu. Nilikuwa nalihitaji mimi. Nilikufanya uwashe na kuzima swichi kila siku ya Mungu kwa sababu ya uongo wangu, na ninakuomba msamaha.

Mwaka jana ukateleza njia ya chemchemi, nyonga ikaumia, na kaka yetu Fidelis akaja kukuchukua ukakae kwake Songea. Alifanya vizuri. Lakini Anastazia ananiambia kule wote wanatoka asubuhi kwenda kazini, unabaki peke yako na televisheni, na unaulizia milima yako. Mlima huwezi kuupanda tena kwa sasa, daktari amesema. Hapa kwetu utauona mzima dirishani, kuanzia vilele mpaka mashamba.

Mwezi uliopita tulipanda mimi na Anastazia kufungua nyumba yako ipate hewa. Kwenye droo ya meza ya sebuleni, chini ya kitabu chako cha sala, Anastazia akakuta daftari la mahudhurio, lile refu la shuleni. Akanikabidhi. Ndani kuna darasa lenye mwanafunzi mmoja. Baba Neema. Ukurasa wa kwanza umeandika kwa mwandiko wako wa ubaoni: "Taa ya kijani ikipepesa mara nne, yupo." Na baada ya hapo vema nyekundu, mwezi baada ya mwezi, kwenye visanduku karibu vyote vya siku za kazi.

Kumbe ulikuwa unakaa pale na uji wako unaisubiri ile taa ipepese hodi zangu.

Nimesoma kila ukurasa, Mama. Siku kipimo kilipochukuliwa umeandika pembeni: "Kipimo kimeondoka leo. Mkwe anasema ofisi bado inataka sanduku. Haya." Hiyo "haya" nimeirudia mara nyingi. Ulijua. Na ukaendelea kuwasha swichi miaka mitatu. Nikafika kwenye ile wiki niliyolazwa kwa malaria tukakubaliana tusikuambie. "Hayupo. Hayupo. Hayupo. Nimpigie Anastazia, nimwulize bei ya njegere." Na nikaikumbuka simu ile! Tulishangaa sote, mkulima wa njegere tangu usichana wake anawauliza watu wa mjini bei ya njegere, halafu kabla ya kukata anasema, "Na huyo baba watoto yupo?"

Nilikaa kwenye kigoda chako nikalia. Nasema wazi, mbele ya watu. Anastazia alijifanya anakunja nguo.

Kwa hiyo usiniambie hujui utakaaje kwa mkwe. Chumba kiko tayari, upande wa nyuma, na nimekitobolea mlango wake unaotokea uani. Una jiko lako, una kibaraza chako. Nilikwenda kwa Mjomba wa Anastazia kumwuliza, kwa kuwa bila neno la mjomba kwenu hakuna linalokwenda, naye akaja mwenyewe kukagua. Akaufungua mlango, akaufunga, akaufungua tena. "Mwenye mlango wake yuko kwake," akasema, kisha akaomba chai. Mimi nitapita mbele, wewe utapita nyuma. Nikitaka kukusalimia nitasimama uani na kukohoa. Utakula bila kutazamwa, utapiga chafya kadiri upendavyo, na jogoo ninaye wa akiba endapo nitakosea.

Daftari nililichukua bila ruhusa, hilo nalo liongeze kwenye mashtaka. Mwalimu ameondoka na darasa haliwezi kukaa bila mahudhurio, basi nimeongeza jina la pili chini ya langu, la kwako, na kila asubuhi kabla ya chai nalijaza mwenyewe kwa kalamu nyekundu. Mwandiko nimeuboresha. Kwangu naandika yupo. Kwako naandika hayupo, na kesho yake hayupo, na ukurasa umejaa, nimefungua mwingine. Nimechoka kuandika hayupo, Mama. Njoo.

Naondoka mbele yako kinyumenyume, nisikupe mgongo,

Mkweo,
Baba Neema